Shukrani Kabla ya Kupona

Katika parokia za Eldoret, mtu akitoka hospitalini na kupata nafuu hakai kimya na furaha yake. Humwendea katibu wa parokia akaandikisha nia ya Misa, huwaarifu watu wa jumuiya yake ndogo ya Kikristo, na Jumapili ikifika hupita nao katikati ya kanisa wakati wa matoleo. Mbele huenda wenye mkate na divai. Nyuma yao, hasa Oktoba na Novemba mahindi yanapovunwa Uasin Gishu, huja debe la mahindi, trei ya mayai, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Kwaya hurudia kiitikio mpaka wa mwisho afike altareni, na wa mwisho mara nyingi ndiye mwenye shukrani, maana bado anatembea polepole.

Mtazame anayemshika mkono. Huenda si mume wala mtoto wake. Ni mwenyekiti wa jumuiya, yule aliyezunguka mtaa wa Langas au Huruma na daftari la michango, au ni jirani aliyelala kwenye benchi la wodi zamu baada ya zamu ili watu wa nyumbani wapumzike. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya mji wa walowezi, leo hupokea wagonjwa kutoka magharibi yote ya Kenya, na kila anayelazwa huko huwa na kundi la WhatsApp lililofunguliwa usiku huo huo, nambari ya M-Pesa ikiwa juu kabisa. Bima ya serikali iligeuka kutoka NHIF kuwa SHA Oktoba 2024. Daftari la jumuiya halikufungwa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo anayepona hapa amepita kwenye mikono mingi kabla ya mkono wa daktari na baada yake, na Misa ya shukrani ndiyo siku ambayo mikono hiyo yote inaonekana mahali pamoja.

Baada ya Misa hufuata mnada uwanjani. Kuku mmoja aweza kuuzwa mara tatu, kwa kuwa aliyemnunua humrudisha ili auzwe tena. Wageni huona ni mchezo wa kuchangisha fedha, na kweli fedha hupatikana. Lakini wenyeji wanafahamu kwamba kuku yule hastahili kwenda nyumbani haraka, kwa sababu hadithi ya mwenye shukrani husimuliwa upya kila anaponadiwa.

Dini nyingi zimejiuliza swali ambalo maandamano haya yanalijibu kwa miguu: aliyeponywa ashukuru lini, na mbele ya nani? Majibu yanatofautiana kuliko tunavyodhani, na nimekuja kuamini kwamba jibu la Kanisa Katoliki, linapofuatwa vizuri, lina kitu ambacho wengi wetu tulio ndani yake hatujakitambua.

Chukua Kitabu cha Walawi. Sura ya 7 inaagiza kwamba nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile, isibaki hata kipande mpaka asubuhi. Mikate nayo ilikuwa mingi. Mishna inaihesabu 40, minne ya kuhani na 36 ya mtoaji na watu wake. Hakuna nyumba inayoweza kumaliza mnyama mzima na mikate 36 kabla ya alfajiri. Ilikubidi ualike watu, na wakishakaa kula watauliza kulikoni, nawe utawasimulia. Baada ya Hekalu la Yerusalemu kubomolewa mwaka 70, sadaka hiyo haikuwezekana tena, lakini sharti la mashahidi halikufa. Talmudi inawataja watu wanne wanaopaswa kushukuru hadharani: aliyevuka bahari, aliyevuka jangwa, aliyetoka kifungoni, na aliyeinuka kitandani baada ya ugonjwa. Mpaka leo Myahudi aliyepona husimama katika sinagogi akatamka baraka mbele ya watu wasiopungua kumi, nao humwitikia kwa kumwombea mema zaidi. Pasipo watu kumi, huahirisha.

Kutoka hapo ndipo nisomapo habari ya wakoma kumi katika Injili ya Luka, sura ya 17. Yesu hakuwagusa, aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani. Kuhani wa Walawi sura ya 14 hakuwa tabibu. Kazi yake ilikuwa kumkagua mtu na kumrudisha kambini, kwa watu wake. Mahubiri mengi huwakaripia wale tisa kwa kukosa adabu. Mimi siwezi kuwakaripia. Walifanya walichoambiwa, na walikuwa na makwao. Anayenisumbua ni yule wa kumi, Msamaria, kwa sababu kuhani wa Yerusalemu asingempokea hata akiwa safi kama maziwa. Ukoma ulikuwa umewaunganisha kumi hao, na kupona kukawatenganisha: tisa walikuwa na kambi ya kurudia, mmoja hakuwa nayo. Akamrudia aliyemponya. Nadhani kila mji wa wahamiaji una deni na aya zile, na Eldoret, mji uliokua kwa reli na mashamba na kujazwa na watu kutoka kila pembe ya Kenya, una deni kubwa zaidi. Nitalirudia jambo hili.

Kwa majirani zetu Waislamu, na hasa pwani, shukrani ya kupona mara nyingi huanza na nadhiri. Mama huahidi kwamba mwanawe akiinuka atafunga siku kadhaa, atachinja mbuzi, au atasomesha Maulidi na kulisha watoto wa mtaa. Kurani katika sura ya 76 inawasifu wanaotimiza nadhiri zao. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea pia hadithi ambayo kila Mkatoliki angefaa kuisikia: Mtume alikataza kuweka nadhiri, akaeleza kwamba haibadilishi lililokadiriwa, ila humtoa bahili kitu ambacho asingekitoa kwa hiari. Hapo mapatano na Mungu yanavuliwa nguo. Ukiahidi lazima utimize, lakini usijidanganye kwamba ulinunua kitu. Sijui mahali pengine ambapo desturi inayopendwa na watu imehakikiwa kwa ukali na upole wa namna hiyo. Na pembeni ya nadhiri ipo sijda ya shukrani, ambayo haidai mbuzi wala mashahidi. Habari njema inafika, mtu anaelekea kibla, anaweka paji la uso chini, anainuka. Ni kinyume kabisa cha baraka ya watu kumi, na zote mbili zina haki yake. Kuna shukrani ambazo hadhira huziharibu.

Wakatoliki tunapaswa kukiri kwamba hadhira imeziharibu baadhi ya zetu. Misa za shukrani za wanasiasa zimekuwa mahali pa kutangaza mamilioni, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alilazimika kurudisha fedha ambazo Rais William Ruto, mwenyeji wa Uasin Gishu, alikuwa amezitoa kwa parokia moja jijini. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Bahasha inayosomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi kilichomo humnyima nafasi mjane mwenye mayai sita, na mjane huyo ndiye ambaye Injili ilimtazama.

Kabla ya padre wa kwanza kufika nyanda hizi palikuwa na shukrani tayari. Wanandi na Wakeiyo, wa jamii ya Wakalenjin, walimwomba Asis, Mungu wao, na walikuwa na waganga, wengi wao wanawake, waliojua mizizi na magome ya miti. A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wanandi mwaka 1909, alieleza jinsi mate yalivyotumiwa kubariki na kuepusha baa. Wamisionari wengi waliona ni uchafu, ingawa Injili ya Marko na ya Yohane zinamwonyesha Yesu akitumia mate kumfungua bubu na vipofu. Baraka ya mzee nayo ilikuwa na sauti mbili: yeye hutamka kwa ufupi, waliomzunguka huitikia kwa pamoja, na baraka isiyoitikiwa ni kama haijatolewa. Desturi hiyo haijapotea. Ipo kwenye uwanja wa ndege wa Eldoret, mkimbiaji anapotua na medali akavikwa shada la sinendet na kunyweshwa mursik kabla hajasalimiana na waandishi wa habari. Medali hiyo alishaipokea ugenini. Maziwa ya nyumbani ndiyo yanayomwambia kwamba amerudi. Ndiyo maana kibuyu cha mursik kinapopita kanisani mkononi mwa mtu aliyepona, sikioni kama pambo la utamaduni lililobandikwa kwenye liturujia. Kinafanya kazi ile ile kiliyoifanya siku zote, ya kumpokea mtu.

Kwa hiyo sadaka ya shukrani ya Walawi, watu kumi wa sinagogi, Maulidi ya mwenye nadhiri na kibuyu cha Wakalenjin vinakubaliana katika jambo moja: kupona hakujakamilika mpaka watu wamemrudisha mgonjwa kati yao. Ukilinganisha na hayo, uponyaji uliovuma katika eneo letu miaka ya karibuni una upweke wa ajabu. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Wakenya nao walikodi magari wakajiunga na foleni iliyoenea kilomita nyingi. Malipo yalikuwa shilingi 500 za Tanzania, sawa kwa waziri na mchunga mbuzi, na usawa huo ulikuwa mzuri. Lakini aliyekunywa aliondoka peke yake kwenda kusubiri mwilini mwake mwenyewe, na wapo walioacha dawa zao za kila siku wakiamini hawazihitaji tena. Hapa Eldoret, ambako mpango wa AMPATH ulianza mwaka 2001 kuwapa matibabu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, uzito wa kuacha dawa hauhitaji kuelezwa.

Mikutano ya injili katika uwanja wa 64 mjini Eldoret ina njia nyingine, ya ushuhuda. Siudharau. Ushuhuda humpa kipaza sauti mtu ambaye labda hajawahi kusikilizwa hata na ukoo wake, na Wakatoliki wa karama, wanaoitwa Karismatiki, wameuingiza parokiani kwa faida. Kasoro yake ni kwamba jukwaa linamtaka aliyepona. Anayerudi nyumbani na magongo yake hana zamu ya kusema. Baya zaidi, huanza kujiuliza imani yake ilipungukia wapi. Kanisa lilishaguswa na tatizo hili. Emmanuel Milingo, Askofu Mkuu wa Lusaka, alianza huduma ya uponyaji mwaka 1973, umati ukamfuata, na mwaka 1983 akaacha kiti chake baada ya mvutano mrefu na Roma. Tarehe 14 Septemba 2000 Vatikano ikatoa maagizo juu ya sala za kuomba uponyaji, ikiziruhusu lakini ikionya dhidi ya vurugu za hisia na maonyesho. Waraka ule ulipokewa na wengi kama maji baridi. Ninaamini ulikuwa unamlinda yule mwenye magongo.

Maana yeye ndiye mtihani wa yote ninayoyasema. Mashahidi kumi, mbuzi, mnada na wimbo vyote vinangoja matokeo. Je, mgonjwa ambaye hatapona ana shukrani gani?

Katika sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, padre anapomfikia mgonjwa, nyumbani au wodini, hutoa mfukoni chombo kidogo cha chuma, hakizidi kidole gumba, kimechorwa herufi O.I. kwa Kilatini. Ndani yake mna pamba iliyolowa mafuta ya zeituni yaliyobarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma, siku chache kabla ya Pasaka, mapadre wa jimbo zima wakiwapo. Kwanza humwekea mgonjwa mikono kichwani bila kusema neno. Kisha, kwa kuwa mafuta yameshabarikiwa, kitabu cha ibada hakimwagizi ayabariki upya. Kinamwagiza amshukuru Mungu juu ya mafuta hayo: Baba, kisha Mwana, kisha Roho Mtakatifu. Ndipo humpaka paji la uso na viganja.

Utazame mpangilio huo. Shukrani imesemwa kabla ya tone la kwanza kugusa ngozi. Hakuna aliyepona bado, na huenda hakuna atakayepona. Yohane anasimulia jambo linalofanana mbele ya kaburi la Lazaro, ambapo Yesu anamshukuru Baba jiwe likiwa limeshaondolewa lakini maiti bado imelala ndani. Hapa ndipo nadhiri inapinduliwa kabisa. Mwenye nadhiri husema: nipe, nitakushukuru. Mpako hushukuru, ndipo huomba, na lolote litakalofuata haliwezi tena kuifuta shukrani ile.

Kwa muda mrefu watu wetu hawakuweza kuliona hilo, kwa kuwa mafuta yaliletwa mtu akiwa anakata roho. Padre akionekana mlangoni, jamaa waliulizana kuhusu mbao za jeneza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliamua mwaka 1963 kwamba sakramenti hii ni ya wagonjwa, si ya walio kufani tu, na Papa Paulo VI akatoa ibada mpya mwaka 1972. Yohane Paulo II aliongeza Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1993, siku ya Mama Yetu wa Lurdi. Lurdi yenyewe, pamoja na umati wote uliofika tangu mwaka 1858, ilikuwa na miujiza 70 tu iliyotambuliwa rasmi na Kanisa kufikia mwaka 2018. Idadi hiyo hunipa faraja. Mamilioni walirudi nyumbani bila muujiza, na bado wanakwenda. Wanachokipata huko hakimo kwenye majalada ya madaktari.

Kenya inaye shahidi wake. Sista Irene Stefani wa Konsolata aliwasili nchini mwaka 1915, akahudumia wapagazi wa jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, katika hospitali ambamo wengi walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Dawa zilikuwa chache. Baadaye aliwatembelea wagonjwa wa Nyeri mlango hadi mlango, akafa Oktoba 1930 akiwa na umri wa miaka 39, baada ya kumhudumia mgonjwa wa tauni. Watu wa pale walimwita Nyaatha, mama wa huruma, na alitangazwa mwenye heri huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Wengi wa aliowahudumia katika hospitali zile hawakupona. Jina lile ni shukrani ya watu waliotunzwa.

Narudi sasa kwa Msamaria. Katekisimu inazihesabu sakramenti za uponyaji kuwa mbili, Mpako wa Wagonjwa na Kitubio, na kwa Eldoret hesabu hiyo si ya darasani. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Siku hizo hizo takriban watu 10,000 walijazana katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu. Wengi wao walikuwa Wakikuyu. Askofu aliyewafungulia lango, Cornelius Korir, alikuwa Mkalenjin. Nani angemshukuru nani, na mbele ya mashahidi gani? Watu kumi wa kuitikia hawakupatikana, kwa kuwa hao kumi ndio waliokuwa wamefukuzana. Aliyenusurika hakuwa na kambi ya kumpokea. Kambi yake ilikuwa hema.

Korir hakuanza na Misa kubwa ya upatanisho, na hapo ndipo ninapouona uchungaji wake. Katika kitabu chake cha Amani Mashinani, kilichotoka mwaka 2009, ameeleza njia aliyoijifunza tangu mapigano ya miaka ya 1990 kaskazini mwa Bonde la Ufa. Kwanza wachache hukutana na wachache. Kisha kila jamii hukutana peke yake, iseme machungu yake bila kusikilizwa na adui. Baadaye ajenda za upande mmoja hupelekwa kwa upande wa pili, na baada ya mikutano mingi ndipo pande zote hukaa pamoja, zikubaliane kwa maandishi na kuanzisha mradi ambao hakuna anayeweza kuuendesha bila mwenzake. Ni kazi ya miezi na miaka. Nikiisoma pamoja na Walawi sura ya 13 na 14 naona ni kazi ya kuhani yule yule: kukagua jeraha, kungoja siku saba, kukagua tena, ndipo mtu arudishwe kambini. Korir alifariki Oktoba 2017 akazikwa katika kanisa kuu lile lile.

Wapo waliolala uwanjani pale waliorudi mashambani mwao Burnt Forest na Yamumbi. Wapo waliouza na kuhamia kwingine. Wapo pia waliofichwa na jirani wa kabila jingine, ndani ya stoo ya mahindi au chini ya kitanda, na hawajawahi kumshukuru hadharani, wengine kwa kuhofia kwamba kumtaja kutamletea jirani huyo matatizo na watu wake. Hiyo ni shukrani ambayo hadhira ingeiharibu kweli, na mwenye sijda peke yake chumbani ana la kutufundisha juu yake. Lakini miaka imepita, na nadhani sasa wapo ambao wangependa kuisema.

Ninachoziomba parokia zetu kinawezekana bila kamati mpya. Tarehe 11 Februari, wagonjwa wanapopakwa mafuta kwa pamoja, wasiopona waingie katika maandamano ya matoleo pamoja na waliopona, na mwenye ugonjwa wa kudumu asilazimike kungoja nafuu ndipo aandikishe nia ya shukrani. Jumuiya zinapopanga Misa za mavuno, zikubali pia nia ya mtu anayetaka kumshukuru jirani aliyemficha mwaka 2008, kwa jina ikiwa jirani ataridhia, bila jina ikiwa hataridhia. Paroko aulize kwanza nyumbani, mara mbili au tatu, kwa subira ile ya Korir. Wakikubali, wapite wote wawili na kuku wao, na katika mnada ule waachwe wamrudishe kadiri watakavyo.